Mashabiki Thelathini na Wanane wa Alief

Flaviana Elimringi alikuwa na kazi ambayo baba yake, huko Marangu, hakuielewa hata baada ya kuelezwa mara tatu kwa simu. Kazi yenyewe ilikuwa kupima mapenzi. Si ya mume na mke, hayo yana wapimaji wake, bali mapenzi ya watu kwa timu yao ya besiboli. Kampuni moja ya vinywaji ilitaka kujua mashabiki wa kweli wako wapi, Houston au kule kaskazini kwa Dallas na Fort Worth, ili ijue pa kubandika matangazo yake. Ofisi ndogo ya utafiti mjini Dallas ilipewa kazi ya kujua, na Flaviana alikuwa mmoja wa wafanyakazi wake.

"Kwani mtu akiwa Yanga anapimwa?" baba yake aliuliza. "Si anajulikana tu?"

Flaviana alicheka, lakini swali lilimkaa kichwani. Timu ikishinda, kila mtu ni shabiki. Hata asiyejua mpira una pembe ngapi atavaa fulana. Bosi wake, Mmarekani mpole aitwaye Grady, mwenye kofia iliyofifia mpaka timu iliyochorwa haisomeki, alikuwa na vipimo viwili. Cha kwanza ni fomu ya maswali. Cha pili, alichokiamini zaidi, ni kuhesabu vichwa. Mchezo wa besiboli una awamu tisa. Timu ya nyumbani ikiwa imelemewa vibaya kufikia awamu ya nane, wenye akili zao huondoka kuwahi magari kabla ya foleni. Wanaobaki ndio mashabiki. Unakaa upande wa pili wa uwanja na kidude chako cha kubonyeza, unahesabu.

"Hesabu watu," Grady alipenda kusema. "Usihesabu sababu."

Kwa Flaviana mwenyewe, kazi hii ilikuwa na uzito ambao haukuandikwa kwenye fomu yoyote. Alikuja Texas kama mwanafunzi, akasoma takwimu, na ruhusa yake ya kufanya kazi baada ya masomo ilikuwa imebakiza mwaka mmoja na miezi kidogo. Baada ya hapo, kama hakuna ofisi ya kumwombea kibali, anafunga mizigo. Ofisi ya Grady ingeweza kumwombea mtu mmoja tu mwaka huu, na waliokuwa wakisubiri walikuwa wawili, yeye na mwenzake wa meza ya jirani. Grady hakuwaficha: atakayemaliza eneo lake vizuri na kwa wakati ndiye. Flaviana alipewa kusini magharibi mwa Houston, upande wa Alief, ambako watu hawapokei simu wasizozijua, na wakizipokea hawajibu maswali ya mtu asiyesema yeye ni wa nani. Alitakiwa kuleta fomu thelathini na tano, Jumatatu asubuhi, bila kukosa.

Akampigia shangazi yake.

Shangazi Apolonia alikuwa muuguzi, mwenye nyumba yake Pearland, kusini mwa Houston, na bustani ya sukumawiki nyuma yake, lakini kila Jumapili aliendesha gari mpaka Alief kwa sababu ya Misa ya Kiswahili. Waumini wengi pale walikuwa Wakongo wa Fizi na Uvira waliopitia kambi za wakimbizi za Kigoma, watu wa maghala na viwanda na nyumba za kutunzia wazee, na shangazi alikuwa katibu wa jumuiya yao japo alikuwa Mchaga peke yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Fomu thelathini na tano? Hizo ni za Jumapili moja. Wewe u-drive uje, mimi nita-text jumuiya leoleo."

Hakuandika ujumbe. Alituma sauti, dakika nne nzima, na alichosema humo Flaviana alikuja kukisikia baadaye, maji yakiwa yameshamwagika: "Mtoto wetu ana mtihani. Akifaulu anabaki nasi, akifeli anarudishwa. Jamani, tumsaidie."

Jumapili ile, baada ya Misa, meza zilikuwa zimepangwa ukumbini kabla Flaviana hajafika na boksi lake. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mtulivu aitwaye Bernadette ambaye watu wote humwita Mama Zoé, alipita kati ya meza mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani wa darasa la saba. Watu waliandika kwa kuinamia karatasi. Papa Vital, mume wake, alitoa ulimi nje kidogo kila alipofika kwenye tarakimu. Ndani ya dakika arobaini fomu thelathini na nane zilikuwa zimerudi, zimepangwa, kingo zimenyooka.

Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Hakuna aliyeuliza besiboli ni nini. Hapo ndipo Flaviana angeshtuka, lakini alikuwa na furaha, na furaha huwa haina macho.

Alishtuka saa nane mchana, jikoni kwa shangazi, akiingiza majibu kwenye kompyuta. Mwaka huu umekwenda uwanjani mara ngapi? Kumi na mbili. Fomu ya pili, kumi na mbili. Ya tatu, kumi na mbili. Umekuwa shabiki tangu mwaka gani? 2019. Unakula nini uwanjani? Kuku. Kuku. Kuku. Kufikia fomu ya tisa aliacha kuandika, akazipekua zote zilizobaki kama mtu anayetafuta noti iliyopotea kitabuni. Watu thelathini na wanane, mara kumi na mbili kila mmoja, tangu 2019, kwa kuku. Hata Cécile, ambaye Flaviana na shangazi walikwenda kumpokea uwanja wa ndege miaka miwili iliyopita akiwa ameshika mfuko mweupe wa makaratasi yake kifuani, naye alikuwa shabiki wa Houston tangu 2019.

Swali la mwisho lilikuwa la Grady mwenyewe: Je, utaendelea kuishabikia timu hii hata ikishindwa miaka kumi mfululizo? Wote walijibu ndiyo. Wengi walipiga mstari chini yake, mara mbili.

"Shangazi," aliita. "Haya majibu yamepikwa."

Shangazi alikuja akifuta mikono, akatazama kwa juu ya miwani. "Uliomba thelathini na tano, umepewa thelathini na nane. Tatizo liko wapi?"

"Watu hawafanani hivi. Ukiwauliza watu thelathini na wanane leo ni siku gani, wawili watakukosea. Grady akifungua hii anaona ndani ya dakika moja."

"Basi badilisha badilisha kidogo. Huyu mpe tisa, huyu kumi na nne. Yule mwembamba mpe samaki. Nani ata-check?"

Flaviana aliona aibu, maana wazo hilo lilikuwa limeshampitia. Na si kupita tu. Kwenye mstari wa Cécile tayari kulikuwa na saba, aliyoiandika yeye kwa kidole chake, na saba ile ilionekana ya kweli kuliko kumi na mbili zote. Ingemchukua nusu saa tu kumaliza nyingine, na kibali kingekuwa chake. Alijua hilo, na alikitaka kibali kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu aondoke kwao.

Akafunga kompyuta, akachukua funguo za gari.

Mama Zoé alikuwa akipika. Nyumba yao Alief ilikuwa ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, na Papa Vital alikuwa amelala kwenye kochi akisubiri zamu ya usiku ya ghala. Flaviana alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaomba maji, akanywa, akazunguka kidogo na habari za Zoé aliyekuwa chuoni, mpaka Mama Zoé mwenyewe akamkatisha.

"Sema, mwanangu. Tulikosa jibu gani?"

"Hamkukosa, mama. Mmepatia sana. Mmepatia wote sawasawa."

"Ndiyo. Tulikaa Ijumaa, hapa hapa. Mama Apolonia alitutumia maswali mbele."

Kwa hiyo shangazi hakutuma sauti peke yake. Flaviana aliweka bilauri chini. "Na kwa nini kumi na mbili?"

"Kumi ni namba ya muongo," Mama Zoé alisema, akikoroga. "Muongo wote anasema kumi. Kumi na mbili ni mutu alihesabu."

Flaviana hakujizuia, akacheka, na Mama Zoé akacheka naye kidogo. Kisha mama yule akapunguza moto, akakaa.

"Nikuambie kitu. Kule ku camp, tumeshakaa miaka mingi, wazungu wa interview ya kuja huku walituita kila mutu peke yake. Mimi, na mdogo wangu Dady. Wakaniuliza, siku mulikimbia, muliingia mu mtumbwi saa ngapi? Nikasema usiku. Wakamuuliza Dady, akasema asubuhi. Wakaandika: contradiction, maneno yanapingana. Dossier, faili yangu, ikapita. Ya Dady ikalala."

"Nani alikosea?"

"Hakuna. Siku ya kukimbia Dady alikuwa na miaka sita. Tulimubeba amelala. Akafungua macho, jua limetoka, maji kila upande. Kwake ile ilikuwa asubuhi. Kwangu ilikuwa usiku, juu mimi nilikuwa macho." Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Mwaka wa kumi na moja sasa tangu mimi nilikuja, Dady iko kule. Ameoa kule. Tangu ile siku, mu hii nyumba, karatasi haijibiwi kabla hatujakaa. Ya kodi, ya hospitali, ya shule. Na yako pia. Tulisema, huyu mutoto hawezi kurudishwa juu yetu."

Kwenye kochi, Papa Vital alikuwa amefumbua macho. "Nilisema tuweke samaki," alisema taratibu. "Walikataa."

Flaviana aliendesha kurudi kwake Garland, jirani na Dallas, jioni ile, saa nne za barabara, boksi likiwa kiti cha mbele na mkanda amelifunga asijue kwa nini. Alikuwa na huzuni, na alikuwa na hasira pia, ila hakupata mtu wa kumwelekezea. Huko kambini kulikuwa na mtu wa namba kama yeye, mwenye kalamu na fomu, aliyetaka majibu yafanane na akamwacha mtoto wa watu kwa sababu hayakufanana. Sasa yeye alitaka majibu yasifanane, na alikuwa tayari kuyatofautisha kwa mkono wake. Dady alikuwa amesema kweli ikamponza. Yeye angeandika uongo apate kibali. Katikati ya njia alisimama kituo cha mafuta, akafungua kompyuta juu ya boneti, akarudisha ile saba ya Cécile kuwa kumi na mbili.

Jumatatu asubuhi alimweleza Grady yote, isipokuwa majina. Grady alisikiliza akizungusha kofia yake mezani. Alisema amefanya vema kuligundua na vema zaidi kulisema, na kwamba fomu thelathini na nane zote zinatupwa. Alizisema sentensi hizo mbili kwa sauti ileile. Mteja hangengoja, kusini magharibi mwa Houston ingebaki nafasi tupu kwenye ramani. Jumatano alimwita tena, akafunga mlango.

"Mwaka kesho," alisema. "Nitakuombea mwaka kesho, kama tutakuwa bado na kazi. Mwaka huu nimempa mwenzako. Eneo lake limekamilika."

Flaviana alisema asante, maana ndivyo alivyolelewa, akaenda kukaa kwenye gari lake dakika ishirini. Hakulia. Alihesabu miezi. Ilikuwa bado kumi na minne, na mwaka kesho ungekuwa nafasi ya mwisho. Kisha akampigia shangazi, na shangazi, ambaye hajawahi kukaa na habari zaidi ya saa moja, akaitumia jumuiya sauti.

Jumamosi alipangiwa kuhesabu vichwa Houston. Mchezo ulikuwa wa mchana, jua nje la kukaanga yai, lakini uwanja ule una paa la kufunga na kiyoyozi, na ndani watu walikaa na masweta. Flaviana alipewa kiti upande wa kushoto, kidude chake mkononi, darubini shingoni, karatasi ya sehemu za uwanja magotini. Timu ya nyumbani ilianza vibaya, ikaendelea vibaya zaidi. Kufikia awamu ya sita walikuwa wamefungwa tisa kwa moja. Mzee mmoja safu ya mbele alitukana kwa heshima, akainuka na mkewe, akaondoka. Wengine wakafuata. Katikati ya awamu ya saba, baada ya watu kusimama na kuimba kama desturi yao, wengi walioinuka kuimba hawakuketi tena. Waliona wameshasimama tayari, wakaunganisha na safari ya maegesho.

Awamu ya nane ilipoanza, Flaviana aliinua darubini, akaanza kuhesabu, sehemu kwa sehemu. Ishirini na wawili hapa. Tisa pale. Familia moja imelala. Akapanda mpaka ghorofa ya juu kabisa, viti vya bei ya chini, ambako kufikia saa hiyo huwa kuna kijani kitupu cha viti.

Kulikuwa na kitenge.

Kilikuwa kile cha jumuiya, cha bluu na njano, walichoshona kwa sikukuu ya mtakatifu somo wao, safu tatu kamili. Flaviana alishusha darubini, akaifuta kwa shati, akaipandisha tena. Shangazi Apolonia alikuwa amejifunika shuka la hospitali kwa baridi. Papa Vital, aliyetoka zamu asubuhi ileile, alikuwa macho, amekaza shingo kuelekea uwanjani kama anayesikiliza hukumu. Cécile alipiga makofi. Hakukuwa na sababu ya kupiga makofi. Mrushaji mpira alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Aliwahesabu. Alibonyeza kidude mara moja kwa kila kichwa, na kwa kila kichwa alijua jina, jambo ambalo halikuwahi kumtokea katika kazi ile. Thelathini na moja. Alijua vizuri kwamba hawakuja kwa ajili ya timu. Alijua pia sheria ya Grady, ya kuhesabu watu na kuacha sababu, akaandika 31 kwenye karatasi kwa kalamu ya wino. Ilikuwa namba kubwa kuliko ya sehemu nyingine yoyote ya uwanja ule. Macho yalimjaa, na safari hii hakuyazuia, kwa kuwa waliokuwa karibu naye walishaondoka wote.

Alipomaliza sehemu zake zote alipanda ngazi. Mama Zoé alimwona kwa mbali, akasogeza mkoba wake kumpa kiti.

"Tumeshinda?"

"Tumeshindwa, mama. Tisa kwa moja."

"Eee." Mama Zoé aliupokea msiba ule kwa utulivu. "Na ile yako?"

"Nayo tumeshindwa. Mpaka mwaka kesho."

"Mama Apolonia alituambia." Aliangalia chini uwanjani, ambako kijana mmoja alikuwa akipungia gongo hewa tupu. "Tulikaa tena, Alhamisi. Papa Vital akasema, tumemwandikia mutoto mambo hatujafanya, ndiyo maana wamemukataa. Basi tufanye. Thelathini na moja tumekuja. Saba wako ku kazi, watakuja next time. Hii ni mara moja. Inabaki kumi na moja."

"Mama, fomu zilishatupwa. Hakuna anayehesabu tena."

"Tunajua."

"Na mchezo wenyewe hamuujui."

"Tutaujua. Iko mwaka muzima."

Flaviana alivua darubini shingoni. Alikaa. Shangazi alimtupia ncha ya shuka lake magotini bila kumtazama, kwa kuwa alijua kosa la kutuma maswali mapema lilikuwa lake na bado hajapata namna ya kuomba radhi. Chini, awamu ya tisa ilianza, na timu ya nyumbani ikajiandaa kushindwa rasmi. Mama Zoé aliingiza mkono chini ya kiti, akatoa mfuko wa plastiki unaoonekana ndani, wa aina ile wanayoruhusu getini, na ndani yake mlikuwa na vipande vya kuku wa kukaanga, vimefungwa kwa karatasi ya jiko, vya kutosha safu zote tatu. Alichagua paja, akamwekea Flaviana mkononi.

"Kula," alisema. "Kusikuwe contradiction."